Vitamini D na kifua: Kitengela tuanzie juani kabla ya dukani

Baridi ya Julai ikiingia Kitengela, mawingu hufunika nyanda za Athi tangu alfajiri, na kikohozi huhama mlango hadi mlango katika maghorofa yaliyobanana kando ya barabara ya Namanga. Ndipo wengine hukimbilia duka la dawa kuulizia vidonge vya vitamini D, wakiamini vitawakinga na mafua na nimonia. Je, vinakinga kweli?

Imani hiyo ina msingi. Seli za kinga mwilini huitumia vitamini D kutengeneza protini zinazoua vijidudu. Mwaka 2017, timu ya Profesa Adrian Martineau wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, ilijumlisha majaribio 25 yaliyohusisha watu karibu 11,000. Vidonge vilipunguza kidogo maambukizi ya njia ya hewa. Walionufaika zaidi ni waliokuwa na upungufu mkubwa, tena waliomeza kiasi kidogo kila siku au kila wiki, si dozi kubwa kwa mkupuo.

Ila majaribio kadhaa makubwa hayakuiona faida hiyo. Mjini Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012 hawakuepushwa na nimonia kwa dozi kubwa ya kila miezi mitatu. Nchini Norway, watu wapatao 34,000 walishiriki jaribio la mafuta ya ini la chewa, yenye vitamini D; matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kinga yoyote. Timu ya Martineau iliporudia hesabu mwaka 2025 kwa majaribio 46, tofauti iliyosalia ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu.

Kwa hiyo la kujiuliza kwanza ni kama tuna upungufu. Kitengela iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, na jua letu lina nguvu mwaka mzima. Mwaka 2012 watafiti walipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakapata wastani wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi huona kinatosha. Mfugaji wa Ilbisil anayeshinda malishoni na ng'ombe wake hana sababu ya kununua kidonge. Mwaka 2021, utafiti ulioongozwa na Reagan Mogire wa Kilifi, kwa watoto wadogo 4,509 wa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta chini ya mmoja kati ya 100 akiwa na upungufu mkubwa.

Maisha ya mjini, hata hivyo, yanaweza kutunyima jua hilo. Katika mtaa mmoja wa mabanda Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta watoto wenye matege yaliyotokana na ukosefu wa vitamini D. Mtoto anayelelewa chumbani ghorofani, au fundi anayeshona nguo kutwa nzima ndani ya kiwanda cha EPZ, Athi River, anaweza kupungukiwa ingawa jua linawaka nje. Kukaa dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini hiyo.

Mtoe mtoto nje, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi asiungue. Jua linalochomoza tu lina miale michache. Miale huwa ya kutosha kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko kimo chako. Ukiona miguu ya mtoto inapinda au anachelewa kutembea, mpeleke hospitali. Vidonge vimezwe kwa ushauri wa daktari, kwani vikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kudhuru figo.

Kinga ya nimonia yenye ushahidi mzito ipo kliniki, tena bila malipo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoko mwaka 2011, na huko Kilifi watoto waliolazwa kwa nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei walipungua kwa karibu nusu. Ongeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, hewa safi ndani ya nyumba, na jiko la makaa lisiingizwe chumbani.

Mzazi wa Kitengela, kabla ya kununua chupa ya vitamini, fungua kijitabu cha kliniki uhakikishe chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimekamilika. Na mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, usingoje kidonge wala jua: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.