Kijana Wako Anapofinyanga Sura ya Mtu

Mama mpendwa, kijana wako wa sekondari akirudi likizo na kusema anajifunza kufinyanga sanamu za watu, usiharakishe kuguna. Akina mama wengi huuliza: Je, sanamu si jambo lililokatazwa? Na je, kazi hiyo itamlisha?

Kutoka 20 inakataza kusujudia sanamu. Katika kitabu hichohicho, sura ya 31, Bezaleli anajaliwa ustadi wa mikono. Tena udongo ni shule ya zamani katika nchi hii. Mwaka 1956 Hans Cory alitoa kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika jandoni na unyagoni Tanganyika, kufundishia ndoa, uzazi na heshima. Mama wa Vidunda, ambako ukoo hufuatwa upande wa mama, hatashangaa kusikia hivyo.

Lakini sanamu zile zilifuata mazoea ya wazee. Mwanafunzi wa leo hutazama mtu aliye hai, na hapo ndipo penye ugumu. Mwenzake hukaa juu ya kigoda katikati ya chumba, dakika ishirini hivi, kisha hupumzika. Avae nguo zake; kwa umri huu hakuna haja ya kuvua, na mzazi ana haki ya kuuliza jambo hilo shuleni. Wanafunzi humzunguka, kwa sababu anayeanza hufinyanga uso vizuri na kusahau mgongo, kama anayenakili picha.

Kisha hupima kwa kijiti. Kimo cha mtu mzima aliyesimama ni kama vichwa saba na nusu. Cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama vinne tu. Asiyejua hilo hufinyanga mtoto mchanga anayefanana na mzee mfupi! Mama aliyebeba mtoto mgongoni anajua uzito wa kichwa kile bila kupima.

Udongo nao una masharti yake. Hukandwa mpaka changarawe na hewa vitoke. Sanamu nene huchokolewa ndani kwa kijiko mpaka ukuta wake uwe na unene wa kidole, hufunikwa kwa kitambaa kibichi usiku, halafu hukaushwa kivulini taratibu. Ikichomwa ikiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke na kuipasua. Haya yote mfinyanzi wa vyungu anayajua. Kijana amwendee kwa adabu, atajifunza mengi kuliko ya daftarini.

Na chakula je? Gregory Maloba wa Kenya alijifunza Makerere kwa Bi. Margaret Trowell, mnara wake wa Uhuru umesimama Kampala tangu 1962. Rosemary Karuga alisomea sanaa hapohapo, 1950 hadi 1952, akawa mwalimu na kulea watoto. Jina lake lilivuma ng'ambo akiwa na miaka sitini hivi, kwa picha alizobandika kutoka vipande vya karatasi. Tusifichane: wachache huishi kwa sanamu pekee. Ualimu ulimtunza Karuga, na mikono yake haikusahau.

Likizo hii akikuomba ukae akutazame, chukua ungo wako uchambue mchele, umpe hizo dakika ishirini. Ila mwambie azunguke na nyuma pia, aone jinsi kitenge kilivyofungwa.