Fahamu: Jinsi diski ya seva inavyobadilishwa bila kuzima mashine

Benki, hospitali na kampuni za simu hutegemea seva zinazofanya kazi saa 24. Je, kifaa cha ndani kikiharibika, lazima huduma isimame?

Si lazima. Seva nyingi zina diski, feni na pawasaplai zinazochomolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Pawasaplai huwa mbili. Moja ikifa, ya pili hubeba mzigo wote.

Diski hulindwa na mfumo wa RAID, ulioelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Aina yake moja, RAID 5, husambaza data kwenye diski zisizopungua 3, pamoja na hesabu za kurejesha kinachopotea. Diski ikifa, taa yake hubadilika rangi. Fundi huichomoa, huchomeka mpya, na seva huijaza yenyewe.

Hatari iko hapo: diski nyingine ikifa kabla ya kazi hiyo kuisha, data yote hupotea. Aina nyingine, RAID 6, huhimili kufa kwa diski mbili.

Kwa memori na prosesa, kwa kawaida seva huzimwa na waya wa umeme huchomolewa. Fundi huvaa mkanda mkononi ili umeme tuli wa mwili usiunguze saketi.

RAID haichukui nafasi ya nakala rudufu. Hifadhi nakala mahali pengine, na uijaribu kabla ya siku ya dharura.