Mipamba Iliyong'olewa Nandete

Mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, watu wachache waliingia kwenye shamba la pamba lililolimwa kwa amri ya serikali ya Wajerumani, wakang'oa miche michache. Wazee wa huko waliwataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kuwa ndio waliotangulia. Habari ikamfikia akida wa Kibata, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, na baada ya siku chache eneo zima lilikuwa vitani. Vita hivyo vilienea hadi Liwale, Mahenge na Songea, na ndivyo tunavyoviita Maji Maji.

Chukua kwanza ile miche. Ukisoma tukio hili katika taarifa ya ofisi ya mkoloni utaona uharibifu wa mali ya serikali, kazi ya wahuni wachache. Ukiwasikiliza Wamatumbi utaelewa jambo jingine kabisa. Walijua wazi kwamba akida hataweza kunyamaza akisikia pamba imeng'olewa. Kwa hiyo kuing'oa kulikuwa kutangaza vita, na waliofanya hivyo walikuwa wamekwisha kujiandaa. Mimea ni ileile, siku ni ileile, lakini yupo aliyeona uharibifu na yupo aliyeona ujumbe. Asiyejifunza historia hubaki na maelezo ya yule aliyewahi kuandika, maana mwandishi wa taarifa alikuwa na kalamu, karatasi na kabati la kuhifadhia.

Shuleni vita hivi hufundishwa kwa orodha: sababu za kutokea, sababu za kushindwa, athari. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, husahau. Ni nadra kuambiwa zile sababu zilijulikanaje, na hapo ndipo utamu wa somo lenyewe ulipo, na ndipo penye faida yake kwa maisha. Mtu aliyezoea kuuliza “nani alisema haya, alisema lini, na alikuwa na haja gani” hawezi kuburuzwa kirahisi na mwanasiasa, wala na ujumbe unaosambazwa kwenye simu usiku wa manane.

Tuwaulize hivyo maofisa wa Kijerumani. Wengi wao, tangu wiki za mwanzo, walieleza kuwa vita vilitokana na uchawi na ushirikina. Gavana Gustav Adolf von Götzen alirudia hoja hiyo katika kitabu alichochapisha mwaka 1909, baada ya kuondoka madarakani. Dawa ilikuwepo kweli. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, na walioyapokea waliamini kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Lakini tazama gavana alikuwa anajitetea kwa nani. Huko Ujerumani bunge lilikuwa likihoji gharama na ukatili wa makoloni. Kama chanzo ni waganga, gavana hana kosa. Kama chanzo ni kodi, viboko vya hamsa ishirini, ukali wa maakida na mashamba ya pamba ya lazima aliyoyaanzisha yeye mwenyewe mwaka 1902, basi mshtakiwa ni yeye. Katika mashamba hayo watu waliacha mihogo na mtama wao wakalime pamba chini ya usimamizi wa jumbe, na mwisho wa msimu ujira ulikuwa mdogo mno hata wengine wakakataa kuupokea. Haya nayo yamo katika nyaraka za Wajerumani, ila si katika kurasa ambazo gavana angependa zisomwe.

Upande wa pili wa habari ungeweza kupotea wote. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi walitumwa vijijini, wengi wao kwenye maeneo walikozaliwa, wakakae na wazee na kuandika walichosimuliwa. Mwanahistoria John Iliffe alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo, na Gilbert Gwassa aliifanya kuwa kazi ya maisha yake. Piga hesabu: kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na miaka 78 mwaka ule. Wangechelewa miaka 20 tu, wangekuta makaburi. Kwa wazee hao ndiko tulikopata simulizi la Kinjikitile kupagawa na pepo Hongo, kuzama katika maji na kuibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Ndiko tulikosikia jinsi habari za dawa zilivyopita kwa kunong'onezana, mtu hadi mtu, kwa miezi kadhaa bila akida kujua. Mnong'ono huo hauna faili. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi.

Hata hivyo ni haki kuwauliza wazee nao yaleyale tuliyomuuliza gavana, na kuwauliza pia waliowahoji. Mwaka 1968 Tanzania ilikuwa na uhuru wa miaka saba na ilikuwa inajenga taifa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Ilikuwa rahisi mtafiti kijana kwenda kutafuta umoja, na kuupata. Watafiti wa baadaye walipokagua wilaya baada ya wilaya, picha ikawa na mikunjo zaidi. Wangoni wa Songea walikuwa na hesabu zao za utawala, na kwingineko wapo waliopigana upande wa Mjerumani kwa sababu za ugomvi wa zamani na majirani zao. Huko Uzaramo, mwanahistoria Thaddeus Sunseri alionyesha shida ambayo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote: nguruwe pori. Sheria za uwindaji zilikuwa zimewabana watu, wanaume walikuwa wameondoka kwenda kufanya kazi za mashambani na kwingineko, na wanawake wakabaki na mashamba yanayoliwa usiku bila wawindaji wa kuyalinda. Napenda sana mfano huu, kwa kuwa unaturudisha kwenye shamba la mahindi kabla ya kutupeleka kwenye siasa.

Kuna watu hukasirika simulizi la taifa linapoguswa namna hii. Mimi naona linapata nguvu. Mashujaa waliokuwa na madeni, uadui, njaa na watoto wanaaminika kuliko mashujaa wa sanamu. Wengi wetu humjua Kinjikitile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, kazi kubwa ya sanaa. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si mtu wa historia. Msomaji anastahili kuwajua wote wawili, na kutowachanganya.

Sasa idadi ya waliokufa. Takwimu rasmi ya Wajerumani ilikuwa Waafrika 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wazungu walikufa 15. Pengo kati ya makadirio mawili ya kwanza linatokana zaidi na njaa. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, likachoma maghala, likazuia watu kulima, na mmoja wa maofisa wake aliandika bila kificho kwamba silaha peke yake hazitoshi, ni njaa itakayowafanya wakubali. Je, mama aliyekufa kwa kukosa chakula mwaka 1907, wakati risasi zimenyamaza, ni mfu wa vita? Nasema ndiyo, na hesabu yoyote inayomwacha nje inamsaidia aliyechoma ghala.

Ardhi nayo ilibadilika. Mahali watu walipokufa au kuhama, pori lilirudi, na pamoja nalo mbung'o. Katika miongo iliyofuata sehemu kubwa ya nchi hiyo ikawa Pori la Akiba la Selous, na serikali ya Waingereza ikahamisha watu wengine zaidi. Mwaka 2019 eneo kubwa la pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayepita kwa gari anaambiwa anaona Afrika ya asili, ambayo haijaguswa na mtu. Kumbe baadhi ya mahali anapopita palikuwa na vijiji, mashamba na makaburi.

Na mambo ya vita hivi hayajaisha. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni kwa makumi, na mwaka huohuo wakamnyonga pia Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha. Mwezi Septemba mwaka huo taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu iliyokuwa nayo na familia zinazoishi Kilimanjaro. Maabara haikuanza kazi hiyo kwa kubahatisha. Kwanza watu walisoma maandishi kwenye mafuvu na daftari za makusanyo, wakajua yalitoka wapi, ndipo jamaa wakatafutwa.

Kichwa cha Nduna Songea bado kinatafutwa. Kazi hiyo inahitaji mtu anayeweza kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama zile, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, na nyaraka za namna hiyo zipo Berlin, zipo pia katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Inahitaji vilevile mtu anayejua Kingoni na koo za Songea, ajue amuulize nani na kwa heshima ipi. Vijana wenye ujuzi wote huo kwa pamoja ni wachache mno, na vyuo vyetu vinaweza kuwafundisha wengine kuanzia muhula ujao.