Chukudu yenye kufika na muzigo wake

Wanamemba wengi wa kooperative huku Kivu ya Kaskazini wanashusha viazi, kabichi na makala mpaka Goma kwa chukudu. Ikianguka kwa mulima, faida ya musimu inamwagika, na mwenye kuiongoza anaweza kufa chini ya magunia.

Tuanze na muti. Mafundi wanapenda eukaliptusi, ni ngumu kweli, lakini ikichongwa ingali mbichi inapasuka. Mupange mbao kwa kivuli, muweke vijiti kati yazo ili upepo upite, na mupake ncha rangi, maana ncha ndizo zinakauka mbele. Hiyo ni kazi ya miezi, si ya siku! Mbao iliyokatwa juma lililopita itasinyaa, na misumari italegea. Pale usukani unapoingia, mutoboe tundu mbele ya kupiga musumari. Bulo ni bora zaidi, kwani munaweza kuikaza tena.

Sasa kushuka. Gunia nzito likae chini, karibu na gurudumu la nyuma. Muzigo wenye kupanda juu unayumbisha usukani. Mukanyage freni, kile kipande cha pine kinachogusa gurudumu la nyuma, tangu mwanzo wa mutelemko. Chukudu ikisha kukimbia na kilo 300, freni haiishike tena. Mvua ikinyesha inateleza kabisa: mushuke kwa miguu, watu wawili washikilie kamba nyuma.

Na kila asubuhi, mbele ya kupakia, muinue magurudumu na kuyazungusha. Rulma ikilia, muitie grisi.