Safari Bila Gari Lako Mwenyewe: Mwongozo kwa Abiria wa Tarime na Serengeti

Familia nyingi katika wilaya za Tarime na Serengeti hazina gari, lakini mahitaji yao yamekaa mbalimbali kana kwamba kila kaya inalo. Hospitali kubwa ziko Tarime mjini na Mugumu, mgodi wa dhahabu uko Nyamongo, mpaka wa Kenya uko Sirari, na ofisi za mkoa ziko Musoma. Mkungu wa ndizi uliovunwa milimani hauna bei ya maana mpaka ufike sokoni. Kwa sababu hiyo, mwananchi asiye na gari hununua usafiri kama anavyonunua chumvi: kidogo kidogo, mara kwa mara, na pengine bila kuuliza bei kwanza.

Katika makala hii tunaeleza namna abiria anavyoweza kuchagua chombo cha usafiri kinachofaa, kukadiria gharama ya safari nzima, na kudai haki yake anapodhulumiwa. Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo: nguvu ya abiria ni kubwa zaidi kabla ya chombo kuondoka. Baada ya hapo haki yake haipotei, lakini ushahidi wake huwa mgumu kupatikana.

Nani anasimamia nini

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikachukua majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Tunatoa leseni za usafirishaji wa abiria, tunapanga viwango vya ukomo wa nauli za mabasi na daladala, na tunapokea malalamiko ya watumiaji. Leseni za bodaboda na bajaji hutolewa kwa kushirikiana na halmashauri. Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi husimamia mwenendo wa madereva na ubora wa vyombo vyenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, ilhali barabara za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA.

Mgawanyo huu una manufaa kwa mwananchi. Lalamiko la nauli likipelekwa TANROADS halitapata jibu, na ombi la kukarabati kalavati likiletwa kwetu litachelewa bure.

Nauli: uliza, linganisha, chukua tiketi

Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 viliweka nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600, huku nauli ya mwanafunzi ikibaki shilingi 200. Kwa mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida, kiwango kiliwekwa kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita. Maana yake ni kwamba safari ya kilomita 100 za lami katika basi la kawaida ni takriban shilingi 4,850. Daraja la kati lina kiwango cha juu zaidi, hivyo abiria aulize basi ni la daraja gani kabla ya kulinganisha bei.

Hivyo ni viwango vya ukomo. Msafirishaji anaruhusiwa kutoza chini yake, lakini haruhusiwi kutoza zaidi, iwe siku ya mnada, siku ya kufungua shule au mkesha wa sikukuu. Wingi wa watu kituoni si sababu ya kisheria ya kupandisha nauli. Kwa kuwa viwango hupitiwa upya kila baada ya muda, tunashauri abiria aulizie jedwali la njia yake katika ofisi yetu ya mkoa iliyopo Musoma.

Tiketi ndiyo shahidi wa abiria. Hakikisha inaonyesha jina la msafirishaji, namba ya gari, mahali unapotoka na unapokwenda, tarehe, na kiasi ulicholipa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Kondakta akiandika kiasi pungufu kuliko ulichotoa, kataa papo hapo kwa utulivu, kwa kuwa tiketi ya namna hiyo itamlinda yeye na si wewe. Gari likiharibika njiani na safari ikashindikana, msafirishaji ana wajibu wa kukutafutia usafiri mwingine au kukurudishia nauli. Hatakiwi kukuacha porini ukiwa huna tiketi wala fedha.

Gari dogo: tazama kibao cha namba

Katika njia ambazo mabasi ni machache, ikiwamo ile ya takriban kilomita 87 kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, abiria wengi hutumia magari madogo, ambayo wengine huyaita michomoko. Magari haya yamesaidia watu wengi, na hatuwalaumu abiria wanaoyapanda kwa kukosa chaguo jingine. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya gari lenye leseni ya kubeba abiria na gari binafsi linalotafuta fedha ya mafuta.

Tofauti ya kwanza huonekana kwa macho. Nchini Tanzania, kibao cha namba cha gari la biashara ni cheupe, na cha gari binafsi ni cha njano. Tofauti ya pili haionekani mpaka siku ya ajali. Bima ya gari binafsi hukatwa kwa matumizi binafsi. Likibeba abiria kwa malipo na kupata ajali, majeruhi au familia ya marehemu inaweza kuhangaika sana kupata fidia. Nauli iliyopungua kwa shilingi mia chache inaweza kuigharimu familia shamba zima. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Kabla ya kupanda, jiulize maswali matatu: Je, kibao ni cheupe? Je, idadi ya abiria inalingana na idadi ya viti? Je, dereva anaonekana yuko katika hali ya kuendesha? Jibu la swali lolote likiwa hapana, subiri gari jingine ikiwa inawezekana. Ikiwa haiwezekani, mtumie ndugu namba ya gari kwa ujumbe mfupi kabla ya kuondoka.

Bodaboda: patana kwanza, panda baadaye

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walibeba watu kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakinadi huduma yao kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Baiskeli ikaipisha pikipiki, na jina likabaki. Tanzania iliweka kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010.

Nauli ya bodaboda haimo katika jedwali la daladala. Ni ya makubaliano. Kwa hiyo, kauli ya “tutaelewana mbele” ndiyo mwanzo wa ugomvi. Taja unakokwenda mpaka mlangoni, taja mzigo ulio nao, na taja kama dereva atakusubiri. Kisha patana kwa shilingi. Mvua ikinyesha njiani, bei iliyokubaliwa haibadiliki.

Kwa upande wa usalama, kanuni ni chache na hazina utata. Abiria ni mmoja tu, maana ule upakiaji wa watu wawili au watatu unaoitwa mshikaki ni kosa. Kofia ngumu ni kwa dereva na abiria pia. Mtoto wa chini ya miaka tisa hapaswi kubebwa kwa bodaboda. Tunafahamu kwamba kanuni hii ya mwisho huvunjwa kila asubuhi shule zinapofunguliwa, mara nyingi na wazazi wenye nia njema kabisa. Tunaomba wazazi wa mtaa mmoja wafikirie njia nyingine: kuchangia bajaji yenye leseni, au kupanga zamu ya mtu mzima wa kuwasindikiza watoto kwa miguu.

Baiskeli: mali iliyosahaulika

Wengi hudhani baiskeli ni chombo cha mtu aliyekosa nauli. Hesabu inaonyesha vingine. Tuseme mtu analipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda kazini na 1,000 kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 44,000 kwa mwezi na 528,000 kwa mwaka. Ikiwa baiskeli imara inauzwa shilingi 250,000, itakuwa imerudisha fedha yake kabla ya mwezi wa sita kwisha, na miezi inayobaki ni akiba baada ya kutoa gharama ya viraka, mnyororo na breki. Weka bei za mahali unapoishi katika hesabu hii uone jibu lako.

Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa, baiskeli humaliza kilomita tano kwa dakika 25, safari ambayo kwa miguu huchukua saa nzima. Inafaa zaidi katika maeneo ya tambarare ya Serengeti kuliko katika miteremko ya Tarime, ambako breki mbovu ni hatari hasa wakati wa masika. Kabla ya kununua, bana breki zote mbili ukisukuma baiskeli mbele, gurudumu lisigeuke. Kagua fremu kama ina ufa, na omba risiti. Funga taa mbele na kiakisi mwanga chekundu nyuma, na utembee upande wa kushoto wa barabara.

Kwa wakazi wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi, kama Robanda, tunaongeza tahadhari moja: tembo hutoka jioni na usiku. Safari ya baiskeli au ya miguu ipangwe imalizike kabla jua halijazama.

Safari ya dharura haipangwi usiku wa dharura

Bei mbaya kuliko zote hutozwa usiku, kwa mtu mwenye mgonjwa. Tunashauri kila kaya iwe na mambo matatu tayari: namba za simu za madereva wawili wanaoaminika, bei iliyozungumzwa nao mapema, na akiba ndogo isiyoguswa kwa shughuli nyingine. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga mfuko wa usafiri kwa wanachama wake.

Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, Serikali na wadau wake wameweka mfumo wa m-mama. Namba ni 115, na hupigwa bila malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mfumo huo hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa, na familia haiwalipi. Namba hii iandikwe ukutani, pahali ambapo hata mtoto anaweza kuisoma.

Mji hupangwa wakati barabara inapojengwa

Jijini Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, baada ya miaka mingi ya foleni. Ili kupata njia za mabasi, ilibidi barabara iliyokwisha kujengwa ipanuliwe, na majengo yaliyokuwa kandokando yake yavunjwe. Tarime mjini na Mugumu bado zina nafasi ya kupanga mapema kwa gharama ndogo.

Barabara inapowekwa lami bila njia ya waenda kwa miguu, magari huongeza mwendo na mtembeaji hubaki mtaroni. Kwa hiyo, mradi ukitangazwa katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, wananchi waulize: Njia ya miguu ina upana gani? Kivuko cha shule kitakuwa wapi? Daladala zitasimama wapi bila kuziba barabara? Maegesho ya bodaboda na baiskeli yametengwa? Maswali hayo yaingizwe katika muhtasari wa mkutano, kwani neno lililoandikwa hufuatiliwa kwa urahisi zaidi.

Ukidhulumiwa, fuata hatua hizi

1. Andika siku, saa, mahali, namba ya gari au pikipiki, na kiasi ulichotozwa. Hifadhi tiketi.

2. Mweleze msafirishaji au kiongozi wa kijiwe kwanza. Malalamiko mengi yanaweza kumalizika hapo.

3. Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwetu kwa maandishi, kwa kufika ofisini au kwa kupiga simu ya bure iliyochapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Jambo la hatari, kama ulevi wa dereva au mwendo kasi, liripotiwe polisi mara moja.

4. Ukihitaji ushauri au mtu wa kukutetea, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililoundwa kwa ajili ya watumiaji.

5. Usiporidhika na uamuzi wetu, sheria inakuruhusu kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Huhitaji wakili ili kulalamika, wala huhitaji kuwa umepoteza fedha nyingi. Shilingi 500 iliyozidishwa kwa kila abiria wa gari la watu 30 ni shilingi 15,000 kwa safari moja. Abiria mmoja akiinyamazia, ataiona ndogo. Wote 30 wakiitolea taarifa, msafirishaji huyo hatairudia kwa urahisi.