Fahamu: Kafi na kasia yanatofautianaje?

Mwambao wa Ziwa Victoria unalijua kafi. Mpigaji hulishika kwa mikono yote miwili akitazama aendako, kama walivyofanya wanaume na wanawake kwenye mashindano ya mitumbwi ya Balimi, Mwanza.

Kasia ni jingine.

Katika Olimpiki, makasia hushikizwa ubavuni mwa mashua na wapigaji huipa mgongo njia. Kiti huteleza, hivyo miguu ndiyo husukuma zaidi. Mashua ya wapigaji wanane hubeba mtu wa tisa, mshika usukani, anayetazama mbele na kuwapa mwendo kwa mita 2,000.

Katika mchezo huo wa Olimpiki, Kathleen Noble wa Uganda alishindana peke yake mashuani, Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024.