Mgeni wa Kimarekani na Salamu za Handeni

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo. Kijana wa Kimarekani niliyeongozana naye akasimama mbele yake, akatabasamu, akauliza kwa Kiswahili safi: "Kisima kiko wapi?" Bibi hakujibu. Aliweka chini muhogo, akachukua mwingine, akasema polepole: "Umeamkaje, mjukuu wangu?"

Nafundisha wageni Kiswahili, na kosa hili la kuuliza kabla ya kusalimia ndilo ninalolikuta zaidi, kuanzia stendi ya Korogwe hadi vijiji vya ndani vya Handeni. Yule kijana hakukusudia dharau. Kwao, kueleza shida yako mara moja ni kumwonea mwenzako huruma asipoteze muda, na kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni urafiki. Huku mdogo humwamkia mkubwa: shikamoo, marahaba, kisha habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Ndani ya dakika hizo chache mwenyeji anakupima umelelewaje, ndipo aamue kukusaidia. Mama mwenye nyumba huitwa kwa jina la mwanawe. Mgeni asipolijua, "mama" latosha.

Mweleze mgeni wako haya kabla hamjatoka. Apige hodi na kungoja karibu. Kijijini aanzie kwa mtendaji, asaini kitabu cha wageni. Apokee kitu kwa mkono wa kulia. Akiogopa kunywa maji aseme mapema, ila ugali ukishapakuliwa aonje hata tonge mbili. Wauza machungwa wanaokimbilia madirisha ya mabasi pale Korogwe wako kazini. Aombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha, na wakikataa arudishe simu mfukoni.

Nasi wenyeji tuna la kujirekebisha, maana si kila Mmarekani ni mzungu. Wazigua wa huku waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19 walikitunza Kizigua chao. Vita vya Somalia vilipowatawanya wazao wao miaka ya 1990, baadhi walikimbilia huku na baadaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Wengine, pamoja na Wabantu wenzao wa Somalia, walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Mmoja wao akishuka Mkata na pasipoti ya Marekani, Kiswahili kikamkwama na shikamoo asiijue, tafadhali usimhesabie utovu wa adabu. Msalimie kwa Kizigua.